Je, wajua nabii Amosi aliifanyia nini mikuyu?

Katika Amosi 7:14 nabii anajieleza kwamba si nabii wala mwana wa nabii, bali ni mchungaji na "mtunza mikuyu". Wengi wetu tunapapita hapo mbio. Lakini mkuyu unatunzwaje? Huku kwetu unajiotea kando ya mto, na makuyu yake mengi huliwa na ndege na nyani.

Neno la Kiebrania lililotumika, boles, limo mara moja tu katika Biblia nzima, kwa hiyo "mtunza" ni neno la tahadhari. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema wazi zaidi: mtu anayekwaruza makuyu. Na Theophrastus, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anaeleza kwamba Misri makuyu hayaivi mpaka yakwaruzwe kwa chuma, kisha huiva siku ya nne.

Sababu yake ni nzuri mno. Afrika Mashariki kuna nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya kuyu na kulichavusha, likaiva lenyewe. Misri na Israeli nyigu huyo hayupo. Yupo mwingine anayetaga mayai humo bila kuchavusha, na kuyu hujaa wadudu. Ukilichanja likiwa bichi, jeraha hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zikivundikwa, nalo huiva kabla wadudu hawajakomaa. Mimi nasadiki hiyo ndiyo kazi ya Amosi: kukwea mti na kuchanja makuyu, moja baada ya jingine.

Tena alisafiri kuifuata. Kwao Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, ni milimani penye baridi. Mikuyu ilistawi mabondeni, kama Shefela inayotajwa katika 1 Wafalme 10:27.

Sasa rudi Amosi 7, mstari wa 12. Amazia, kuhani wa Betheli, amemfukuza: nenda Yuda, ukale mkate huko, ukatabiri huko. Anamwona kama mtu anayetabiri ili apate kula. "Wana wa manabii" walikuwa wanafunzi wa vikundi vya manabii. Amosi anasema hatoki huko, kisha anamtajia Amazia kazi mbili zilizokuwa zikimlisha. Mstari wa 15 unaendelea papo hapo: BWANA alimtwaa akiwa anafuata kundi.