Mtawaliwa, mlindwa, raia: mtu wa koloni aitweje?

Tunasoma mara nyingi kwamba kabla ya uhuru babu na bibi zetu walikuwa "raia wa Uingereza". Kwa wengi wao si kweli, na kulikubali neno hilo ni kuwapa watawala wale sifa wasiyostahili.

Sheria ya Waingereza ilianza na ardhi, ndipo ikamtazama mtu. Koloni lilikuwa milki ya mfalme wao, kwa hiyo aliyezaliwa humo alihesabiwa mtu wa mfalme, anayewajibika kumtii. Huyo ninamwita mtawaliwa. Nchi lindwa, kama Uganda au Zanzibar, kisheria haikuwa milki ya mfalme, ingawa Waingereza ndio waliokuwa na kauli ya mwisho. Mzaliwa wa huko alikuwa mlindwa: aliweza kupewa pasipoti ya Uingereza na kutetewa na mabalozi wake akiwa ugenini, lakini hakuwa na haki ya kwenda London na kuishi. Wenyeji wa Tanganyika, nchi iliyokabidhiwa Uingereza na Ligi ya Mataifa na baadaye kuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, waliingizwa katika fungu hilohilo la walindwa.

Kenya ndiko mambo yalikoingiliana zaidi. Mwaka 1920 bara lilifanywa koloni, lakini ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, Mombasa ikiwemo, ulibaki kuwa wa Sultani wa Zanzibar, nao ukawa nchi lindwa. Gavana alikuwa mmoja. Hata hivyo, mama Mwafrika akijifungua mtoto wa kwanza Mombasa na wa pili Machakos, ndugu hao wa tumbo moja waliweza kuwa na hadhi mbili tofauti: mkubwa mlindwa, mdogo mtawaliwa.

Kisha ikaja sheria ya 1948, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949. Mtu wa koloni akapewa jina jipya, "raia wa Uingereza na Makoloni", na hapo angalau neno raia lina mahali pa kusimama, maana hadi 1962 mwenye jina hilo aliruhusiwa kuingia Uingereza bila kuomba kibali. Mlindwa alibaki mlindwa.

Wafaransa nao waligawa watu, kwa njia yao. Wazaliwa wa miji minne ya Senegali, yaani Dakar, Gorée, Rufisque na Saint-Louis, walithibitishiwa uraia mwaka 1916. Wenzao wa vijijini waliendelea kuwa watawaliwa hadi sheria ya 7 Mei 1946.

Ugumu wetu unatokana na neno raia lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilikuwa kundi la mifugo inayochungwa, na kwa mfano huo likawa watu walio chini ya mtawala. Kwa hiyo mzee aliyesema "raia wa Sultani" alisema sawasawa: alimaanisha watu wa Sultani. Leo neno limepanda, linabeba kura, pasipoti na haki mbele ya dola, na tukilirudisha nyuma hadi enzi zile linakwenda na mzigo huo wote. Mwananchi halitufai pia, kwa kuwa mwenyeji ni mwananchi hata sheria ikimnyima kila kitu. Ndiyo maana napendelea mtawaliwa na mlindwa. Si maneno matamu, lakini yanasema hali ilivyokuwa.

Tofauti hiyo haikuwa ya karatasi tu. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba ilimfanya raia papo hapo kila mzaliwa wa Kenya ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, ikiwa siku iliyotangulia alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni au mlindwa. Hadhi zote mbili zilitajwa. Ingetajwa ile ya koloni peke yake, wazaliwa wa Lamu, Malindi na Mombasa wangeachwa nje ya mlango.