Miguu haiumi, nipimwe ya nini? Maswali ya wenye kisukari kuhusu ganzi

Nina kisukari mwaka wa sita huu na miguu hainiumi hata kidogo. Nipimwe ya nini?

Hapo kwenye "hainiumi" ndipo penye mashaka. Watu wengi ambao kisukari kimeshawaharibia mishipa ya fahamu, pengine hata nusu yao, hawana dalili yoyote. Sukari ikikaa juu miaka mingi hudhuru mishipa hiyo, na iliyo mirefu kuliko yote, ile ya vidole vya miguu, ndiyo hutangulia kuumia. Ganzi basi huanzia vidoleni ikapanda kama soksi inavyovaliwa. Kuna ambao nyayo huwawaka moto usiku, kuna wanaohisi wanakanyaga sufi, na kuna ambao ndala huchomoka njiani wakaendelea na safari mpaka mtu awaambie.

Ganzi yenyewe ina ubaya gani?

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usiku. Waswahili husema panya hung'ata huku akipuliza. Kwenye mguu uliokufa ganzi hana hata haja ya kupuliza. Msumari na kaa la moto nao ni vivyo hivyo. Kidonda kisichouma hakishughulikiwi, kinaingia uchafu, kinaoza, na wengi waliokatwa mguu walianzia hapo.

Nianze kupimwa lini?

Kama kisukari chako ni aina ya pili, siku ile ile unapogundulika, kwa sababu huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa bila wewe kujua. Aina ya kwanza, miaka 5 baada ya kugundulika. Kisha kila mwaka, na mapema zaidi ukikutwa na ganzi. Aliyewahi kupata kidonda cha mguu huangaliwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3.

Kipimo chenyewe kikoje?

Hakuna kutolewa damu. Mhudumu anatumia monofilamenti, uzi wa nailoni wenye mpini, ambao ukigandamizwa hadi upinde hukandamiza ngozi kwa gramu 10. Nyuzi za namna hii zilikuwa zikipima ganzi ya wagonjwa wa ukoma kabla hazijafika kliniki za kisukari. Kwanza anakugusa mkononi ujue mguso wake, kisha unafumba macho naye anagusa unyayo hapa na pale, akikwepa sugu. Ukisikia, unasema, na unataja ni mguu upi.

Kosa la kawaida ni mpimaji kuuliza "unasikia?" kila anapogusa. Mzee wa watu, kwa adabu zake, ataitikia "naam" hata kama hasikii kitu. Mpimaji mzuri mara nyingine huuliza bila kugusa.

Kuna pia chuma chenye meno mawili, kinachogongwa kikatetema mara 128 kwa sekunde na kuwekwa kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. Unasema mtetemo unapokoma.

Zahanati yetu haina hivyo vyote.

Kidole kinatosha kuanzia. Njia hii ilitoka Ipswich, Uingereza. Mgonjwa anafumba macho; mwanawe au mkewe anamgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ni mguso tu: usisukume, usipapase, na asipojibu usirudie. Katika vidole hivyo 6, akikosa viwili au zaidi, apelekwe kupimwa vizuri.

Kila ganzi ni ya kisukari?

La. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi. Pombe, VVU na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, navyo huleta ganzi. Mtajie daktari dawa zako zote, lakini usiache hata moja kwa uamuzi wako.

Nimekutwa nayo. Itapona?

Mishipa iliyokwisha kufa, hakuna dawa ya kuirudisha. Kudhibiti sukari hupunguza kasi ya uharibifu, na maumivu yana dawa zake. Kazi kubwa sasa ni macho yako: kagua nyayo kila jioni kwa kioo, au mjukuu akukagulie. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Maji ya moto yajaribu kwa kiwiko. Sugu usizichonge kwa wembe, na miguu usiipashe moto kwenye jiko la mkaa. Ukiona kidonda, hata kisichouma, nenda siku hiyo hiyo.

Na siku ya kliniki?

Vaa viatu vinavyovuka upesi. Usione haya kwa nyufa wala kucha. Wahudumu wameona zaidi ya hizo. Usipoambiwa uvue, vua mwenyewe.