Je, Wajua? Kwa Nini Riwaya za Mapenzi na Uchawi Hazikosi Koo Mbili Zenye Uhasama

Fungua riwaya yoyote ya mapenzi yenye wachawi ndani yake, iwe ya kuchapishwa au ile ya kusomwa kwenye simu kipande kwa kipande, na aghalabu utakutana na mambo yale yale. Binti ana kipaji cha ajabu alichorithi kwa bibi yake. Kijana anatoka katika ukoo ambao babu zake na babu za binti waliuana. Kuna uchawi uliopigwa marufuku, na hawa wawili ndio wanaokuja kuvunja mwiko. Msomaji anajua mapema hadithi inakoelekea, na bado anasoma hadi usiku wa manane.

Sasa kwa nini mambo haya matatu, yaani mapenzi, uchawi na uhasama wa koo, yatembee pamoja? Mbona hatuletewi mchawi aliyempenda jirani yake, wazee wakabariki, pilau ikaliwa, basi?

Jibu la haraka ni kwamba mapenzi yasiyo na kizuizi hayana hadithi. Ni kweli, ila halitoshi. Vizuizi viko tele: umaskini, dini, umbali, mke mwenza. Jibu lenye uzito linapatikana kwenye kumbukumbu za mabunge na mahakama. Mambo hayo matatu yalikuwa yamekwisha kufungwa pamoja kabla riwaya za aina hii hazijazaliwa, na waliofanya kazi hiyo hawakuwa watunzi wa hadithi. Walikuwa watu waliohisi kwamba ndoa fulani imewanyang'anya kitu.

Twende Uingereza ya karne ya 15. Koo mbili za kifalme, Lancaster na York, zilikuwa zikipigania kiti kimoja. Machi 1461 Edward wa York alishinda vita vya Towton na kuwa mfalme, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Mwezi mmoja kabla, katika vita vya St Albans, alikuwa ameuawa askari mmoja wa upande wa Lancaster, Sir John Grey. Aliacha mjane aliyeitwa Elizabeth Woodville, watoto wawili wa kiume, na mgogoro wa mashamba na wakwe.

Mwaka 1464 mfalme alimwoa mjane huyo kwa siri. Mapokeo yanaitaja tarehe 1 Mei, nyumbani kwa kina Elizabeth huko Grafton, mama wa bibi harusi akiwepo. Miezi ikapita bila baraza la mfalme kujua. Richard Neville, Earl wa Warwick, mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya mfalme, alikuwa akiendelea kumtafutia Edward mchumba Ufaransa. Septemba, mjini Reading, mfalme alilazimika kusema: nimekwisha oa. Nimemwoa mjane wa adui, mwenye watoto, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano, wala si binti mfalme.

Waliokuwa pale walitafuta maelezo. Mwanamume kijana kumpenda mwanamke mzuri ni maelezo yanayotosha kabisa kwa mtu asiye na hasara. Lakini Elizabeth alikuwa na ndugu wengi, na wote walianza kupata vyeo na ndoa za maana. Kwa waliopitwa, penzi peke yake halikueleza kitu.

Na mama mkwe alikuwa amekaa vizuri kwa kushukiwa. Jacquetta wa Luxembourg alikuwa mjane wa mwanamfalme, Duke wa Bedford, kabla hajaolewa, naye kwa siri, na Richard Woodville, askari wa cheo cha chini mno kwake, kosa lililomtoza faini ya pauni 1,000. Ukoo wa Luxembourg ulijivunia kuwa umetokana na Melusine, yule kiumbe wa majini katika hadithi za Ulaya, mwanamke juu na nyoka chini, aliyeolewa na binadamu kwa sharti kwamba mume asimchungulie siku fulani ya wiki. Kwetu tungesema ukoo una jini wa kurithi. Mwandishi wa riwaya asingeweza kubuni mama mkwe bora kuliko huyu.

Mwaka 1469 Warwick aliasi na kumteka mfalme. Mume wa Jacquetta na mwanawe mmoja walikatwa vichwa Agosti mwaka huo. Kisha mtu wa upande wa Warwick, Thomas Wake, akaleta ushahidi: kijisanamu cha madini ya risasi chenye urefu wa kidole, umbo la askari, kimevunjwa katikati na kufungwa kwa waya. Ikadaiwa pia kwamba viko vingine viwili, kimoja cha mfalme na kimoja cha malkia. Angalia jinsi mashtaka yalivyopangwa. Kijisanamu cha kwanza kinahusu vita, vile viwili vinahusu ndoa. Shahidi aliyetegemewa, karani wa kanisa aliyeitwa John Daunger, alikataa kusema alichotakiwa kusema, na Januari 1470 baraza la mfalme likamsafisha Jacquetta. Warwick wakati huo alikuwa ameshindwa kuendelea kumshikilia mfalme mateka, kwa hiyo baraza lilikuwa na uhuru wa kuona ukweli. Mambo yangekwenda vingine, mama huyo asingepona.

Shtaka halikufa. Jacquetta alifariki 1472, mfalme Edward akafariki Aprili 1483, na mdogo wake mfalme, Richard (aliyekuja kuitwa Richard III), akachukua kiti badala ya watoto wa marehemu kaka yake. Alihitaji sheria ya kuwaondoa. Januari 1484 bunge likapitisha hati inayojulikana kwa Kilatini kama Titulus Regius, inayosema kwamba ndoa ya Edward na Elizabeth ilikuwa batili. Sababu ziko kadhaa: ilifungwa kisirisiri bila wakubwa kuridhia, Edward alikuwa amekwisha kujifunga na mwanamke mwingine, Eleanor Butler, na, kwa maandishi ya bunge, ilipatikana kwa uchawi wa Elizabeth na mama yake. Ndoa ikibatilika, watoto si halali, na kiti ni cha ami.

Hapo ndipo siri ya riwaya hizi ilipo, kwa maoni yangu. Ni ugomvi wa mirathi uliovaa nguo za uchawi. Mtunzi anaichukua hati ya mashtaka iliyoandikwa na upande wenye kinyongo, anaisoma vizuri, kisha anasema: tuseme haya yote ni kweli. Tuseme yule mama kweli ana damu ya jini, na mwanawe ameirithi, na kijana wa ukoo wa pili amependa kweli bila kulishwa limbwata. Mtuhumiwa anageuka kuwa shujaa, na walioleta kesi wanakuwa wabaya wa hadithi.

Wala usidhani neno "marufuku" ni la kupambia jalada. Mwaka 1542, enzi ya Henry VIII, Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya bunge dhidi ya uchawi, na ndani yake, jirani na kosa la kutafuta hazina zilizofukiwa ardhini, limo kosa la kumtia mtu mapenzi yasiyo halali kwa njia ya uchawi. Adhabu ilikuwa kifo. Sheria ikafutwa 1547, ikaja nyingine 1563 yenye huruma kidogo: mwaka mmoja gerezani, na kila robo ya mwaka mkosaji apelekwe sokoni siku ya gulio, abanwe shingo na mikono kwenye mbao kwa saa sita, akiungama mbele ya watu. Iliyofuata, ya 1604, ilirudisha kifo kwa mwenye kurudia kosa. Kwamba dawa ya mapenzi iliwekwa karibu na kusaka hazina kunanifurahisha. Kwa macho ya watunga sheria, zote mbili zilikuwa njia za mkato za kufikia mali ya watu.

Sisi wa pwani tunayo hadithi yetu ya namna hiyo, na ni kali zaidi. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa huyo anagombana na sultani wa Pate anayehofia kiti chake. Liyongo hadhuriki kwa silaha. Wagala (Waoromo wa leo) wanapomwona alivyo, wanaomba aoe kwao ili wapate mbegu yake. Huo tayari ni uchumba wa kutafuta nguvu ya damu. Kisha sultani anatumia mlango huo huo wa ndoa kumwangamiza: anamwahidi mtoto wa Liyongo cheo na binti yake, ili amdodose baba kitu gani kinaweza kumuua. Baba, huku akihisi hila, anamwambia: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Kijana anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kufia hapo hapo, na kwa siku kadhaa watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Binti aliyeahidiwa, kijana hakumpata.

Hapa uhasama unaonyesha upande wake wa pili. Nguvu ya ukoo ina siri, na ndoa ndiyo njia siri inakotokea. Dalila na Samsoni ni mkondo huo huo. Ndiyo maana katika riwaya nzuri za aina hii familia inayompinga mchumba si ya wajinga. Bibi anapomwambia mjukuu wake "usimpende mtoto wa wale" anazungumza kama mlinzi wa ghala. Wazee wa pwani walipouliza kama mposaji ni kufu ya binti yao, nao walikuwa na hesabu zao za nasaba na mali, bila sindano wala jini. Mwandishi asiyeielewa hofu hiyo hutuletea wazazi wanaofoka tu, na kitabu kinakuwa chepesi kama povu.

Bado kuna suala la mwisho wa hadithi. Romeo na Juliet wa Shakespeare, tamthilia iliyochapishwa mara ya kwanza 1597, wanakufa, na kifo chao ndicho kinachowapatanisha wazee. Soko la leo la riwaya za mapenzi halikubali hivyo. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliiweka wazi katika maelezo yake: penzi liwe kiini cha kitabu, na mwisho uridhishe na kuleta matumaini. Kwa hiyo mtunzi analazimika kuoza watoto wa maadui na kuwaacha hai, halafu atafute namna ya kuiondoa ile sheria iliyokataza.

Historia inayo namna moja, na ni ya kibabe. Agosti 1485 Richard III aliuawa vitani Bosworth na jeshi la Henry Tudor, mrithi wa madai ya Lancaster, aliyekuwa amekula kiapo kumwoa binti mkubwa wa Edward na Elizabeth Woodville. Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa Titulus Regius binti huyo alikuwa mwana wa haramu, aliyezaliwa katika ndoa ya uchawi. Henry aliifuta hati bila kuruhusu isomwe bungeni, akaamuru kila mwenye nakala airudishe iteketezwe. Walioana tarehe 18 Januari 1486, York na Lancaster chini ya paa moja. Ukikutana na baraza la wachawi linalofuta mwiko wa miaka mia tano katika sura ya mwisho, bila mjadala, mwandishi anafuata nyayo za Henry, ajue asijue.

Tofauti ni kwamba Henry alijua harusi haijamaliza kazi. Edward, Earl wa Warwick (si yule Warwick aliyeasi), binamu wa mkewe na mwanamume aliyebaki akibeba jina na madai ya ukoo wa York, aliwekwa kifungoni akiwa mtoto wa miaka kumi na akakatwa kichwa Novemba 1499. Riwaya nyingi hukomea kwenye harusi. Binamu wa aina hiyo huachiwa kitabu cha pili.