Ruzuku ya kupanda miti kando ya mto si pesa ya miche

Wengi wakisikia kuna ruzuku ya kupanda miti ya asili kando ya mto, huhesabu miche, huzidisha kwa bei, basi bajeti imekwisha. Hapo ndipo wanapoumia. Kinachokula pesa ni uzio, palizi na kujazia mapengo.

Chukua hekta moja. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 unahitaji miche 1,600. Ikifa asilimia 20, una mashimo 320 ya kujazia msimu unaofuata, na mkaguzi akija huhesabu miti iliyo hai, si iliyopandwa. Wauaji wakuu ni nyasi na mifugo. Nyasi huunyang'anya mche maji, kwa hiyo palilia duara la kipenyo cha mita 1 kuzunguka kila mche, miaka 2 au 3 ya mwanzo. Uzio nao ukikaa karibu mno na mto, mafuriko huulundikia matawi na takataka mpaka nguzo zing'oke. Usogeze juu ya alama ya mafuriko, na mifugo iachiwe birika nje ya uzio. Bila hivyo wataubomoa wakitafuta maji.

Halafu, ruzuku nyingi hulipwa baada ya kazi, kwa risiti na picha. Ukichimba shimo hata moja kabla mkataba haujasainiwa, kazi hiyo mara nyingi hailipwi kabisa. Na neno "asili" hapa ni asili ya bonde lile lile: miti inayovumilia maji yaliyotuama hupandwa ukingoni, isiyovumilia hupandwa juu kidogo.