Punguzo la bima kwa nyumba inayostahimili upepo: maana yake na linavyofanya kazi

Punguzo la bima kwa ustahimilivu wa upepo ni kiasi ambacho kampuni ya bima inakupunguzia kwenye ada ya mwaka kwa sababu nyumba yako imejengwa, au imeimarishwa baadaye, kwa namna ambayo upepo mkali hauiezui kirahisi, na mtu mwenye sifa ameyaona hayo kwa macho yake na kuyaandika. Yote mawili lazima yawepo. Nyumba imara isiyokaguliwa, machoni pa kampuni ya bima, haina tofauti na nyingine yoyote ya mtaani.

Utaratibu huu umekomaa zaidi Florida, Marekani. Tarehe 24 Agosti 1992 Kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa jimbo hilo, kikabomoa kabisa nyumba zaidi ya 25,000, na kampuni kadhaa za bima zikafilisika kwa madai. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba nyumba nyingi zilianza kuharibikia juu: paa liliachia kwanza, mvua ikaingia, na vilivyokuwa ndani vikafuata. Jimbo likakaza kanuni za ujenzi, na kanuni moja ya jimbo zima ikaanza kutumika mwaka 2002. Sheria ya huko inazilazimisha kampuni za bima kutoa punguzo kwa nyumba zenye vitu vinavyopunguza madhara ya upepo. Mkaguzi mwenye leseni hujaza fomu moja inayofanana jimbo zima, anaambatanisha picha, na fomu hiyo inaweza kutumika hadi miaka 5 kama nyumba haijabadilishwa.

Ili kuelewa mkaguzi anatafuta nini, kwanza tuangalie upepo unaifanya nini nyumba. Wengi tunadhani upepo unasukuma tu. Kwenye ukuta unaoelekea upepo ni kweli unasukuma, lakini ukipita juu ya paa unanyonya kwenda juu, hasa pembeni na kwenye kona. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Bati la kawaida halifiki hata kilo 5 kwa eneo hilo hilo. Kwa paa la mita 10 kwa 12, hesabu inakaribia tani 6 za kunyanyua, na uzito wa bati si kitu mbele yake. Kinachobaki kulishikilia paa ni misumari, mbao, na namna mbao zilivyofungwa ukutani. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne, kwa hiyo paa lililovumilia upepo wa kusi wa kila mwaka pale Raskazone, hapa Tanga, bila shida halijathibitisha kwamba litavumilia dhoruba.

Ndiyo maana fomu ya Florida inahangaika sana na viungo. Inauliza nyumba ilijengwa kwa kanuni zipi, paa limeezekwa kwa nini, mbao za chini yake zimepigiliwa kwa misumari ya urefu gani na kwa nafasi gani, kama kuna tabaka la pili la kuzuia maji endapo la juu litaondoka, umbo la paa, na kinga ya milango na madirisha. Swali zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili: paa limeunganishwaje na ukuta? Majibu yana ngazi. Ya chini kabisa ni msumari uliopigwa mshazari kutoka kwenye mbao ya paa kuingia kwenye mbao iliyolazwa juu ya ukuta. Inayofuata ni kipande cha chuma kilichopigiliwa misumari isiyopungua mitatu. Juu yake kuna ukanda wa chuma unaopanda upande mmoja wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), unapita juu yake na kushuka upande wa pili, nao ukapigiliwa kote. Mkaguzi hapandi ngazi hizo kwa kutafuta wastani. Anaandika kiungo dhaifu kuliko vyote alivyoviona. Kenchi moja iliyosahauliwa inaweza kuishusha daraja nyumba nzima, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu upepo nao huanzia hapo hapo.

Huku Tanga kazi hiyo hiyo inafanyika kwa vifaa vyetu. Nilisimama siku moja kwenye nyumba iliyokuwa inapauliwa Mikanjuni. Juu ya lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta, zilikuwa zimeachwa ncha za nondo nyembamba, kila moja imesimama pale ambapo kenchi ingekaa. Mama mwenye nyumba akauliza, "Fundi, hizi nondo zimebaki juu za nini?" Fundi akamjibu, "Za kufungia kenchi, mama. Tulizizika kwenye zege la lenta tangu tunamwaga. Kenchi ikikaa tunazikunja juu ya mbao, tunazipiga misumari." Akaikunja moja kwa bomba la chuma, nondo ikalala kwenye mgongo wa mbao, akaigonga mpaka ikakosa nafasi ya kucheza, kisha akaishika kwa misumari iliyokunjwa. Kazi ya dakika chache, nondo ya bei ndogo, na paa tayari limefungwa kwenye zege. Nyumba nyingi hazina hata hilo. Kenchi zimekalishwa juu ya ukuta, msumari mmoja mmoja, basi.

Kutoka kwenye kenchi nenda kwenye papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, halafu kwenye bati lenyewe. Papi zikiachana sana, bati linapata nafasi ya kupigapiga, na kila linapopiga linauvuta msumari kidogo. Msumari laini unang'oka kirahisi kuliko uliosokotwa, na skrubu inashika kuliko yote miwili. Pembezoni mwa paa na kwenye kona misumari iwe karibu karibu kuliko katikati. Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Msumari usiopakwa zinki ya kutosha unaliwa na kutu taratibu pale pale unapoingia kwenye mbao, mahali ambapo hakuna anayeuona. Kwa nyumba ya Sahare au Mwambani, kupanda juu kila baada ya miaka michache na kubadilisha misumari iliyolegea ni sehemu ya matunzo ya nyumba.

Umbo nalo lina uzito. Paa la mteremko wa pande nne linakatana na upepo vizuri kuliko mgongo wa tembo, ambao una pembetatu za ukuta mbili zilizosimama wima zikisubiri kusukumwa. Kama nyumba yako ni ya mgongo wa tembo, usiibomoe; imarisha pembetatu hizo kwa kuzifunga na kenchi za ndani kwa mbao za mshazari. Bati la baraza linalochomoza mbali lisishikane moja kwa moja na paa kuu kiasi kwamba likinyanyuliwa linaondoka nalo. Madirisha ni muhimu kwa sababu ambayo wengi hatuifikirii: kioo kikivunjika au mlango ukifunguka upande wa upepo, hewa inajaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati juu linanyonywa. Nguvu mbili zinakutana kwenye msumari ule ule.

Je, haya yanatuhusu? Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, na Tanga iko takriban nyuzi 5 tu kusini yake. Nadra, lakini si kwamba havipo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mashamba ya mikarafuu na kuzamisha meli bandarini, na ng'ambo ya pili, Bagamoyo, kikabomoa majengo ya misheni iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Na hata bila kimbunga, dhoruba za masika zinaezua nyumba, na mwenye nyumba aliyeezuliwa hajali upepo ule ulikuwa na jina au hauna.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Florida punguzo ni amri ya sheria. Hapa kwetu ni mazungumzo kati yako na kampuni. Kabla ya kuzungumzia punguzo, soma mkataba wako. Bima ya moto ya kawaida mara nyingi inagusa moto na radi, na dhoruba na mafuriko huongezwa kwa maneno mahususi. Kama neno dhoruba halimo, hakuna cha kupunguziwa, na siku paa likiondoka hakuna cha kudai. Soma pia yanayoachwa nje: kutu, uchakavu, uzio, nyumba ambayo haijakamilika, maji ya mvua yaliyopita kwenye tundu lililokuwepo tangu zamani. Na tafuta kile kiasi cha mwanzo cha hasara unachobeba mwenyewe, maana ukikubali kubeba zaidi ada hushuka. Kubali tu kiasi unachoweza kukitoa mfukoni siku hiyo hiyo.

Kuna njia moja ya kupunguza ada ambayo naomba uiepuke kabisa: kutaja thamani ndogo ya nyumba. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 100, wewe ukaikatia bima ya milioni 60. Dhoruba ikifanya hasara ya milioni 10, kampuni inaweza kukulipa milioni 6 tu, kwa sababu ulilipia sehemu sita kati ya kumi. Watu wanalia kwamba wamedhulumiwa, kumbe imeandikwa kwenye mkataba.

Punguzo lenyewe huhesabiwa kwenye sehemu ya ada inayohusu upepo, si ada yote. Tuseme unalipa shilingi 200,000 kwa mwaka, na ndani yake 40,000 ni za dhoruba. Punguzo la asilimia 30 hapo ni shilingi 12,000. Florida, ambako upepo ndio unaobeba sehemu kubwa ya ada, asilimia hiyo hiyo inaweza kulipa gharama ya kuimarisha paa ndani ya muda mfupi. Huku hailipi haraka, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu. Sababu ya kufunga kenchi ni watoto wanaolala chini yake na samani zilizonunuliwa kwa miaka. Punguzo lichukue kama nyongeza, lakini lichukue, kwa sababu ni haki kumwambia anayebeba hatari yako kwamba hatari imepungua.

Unamwambia kwa ushahidi. Wakati mzuri wa kuukusanya ni kabla singibodi (dari) haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa viungo vyote vinapotea machoni. Piga picha za nondo zilizokunjwa, papi na nafasi zake, misumari, na boksi la misumari lenye maandishi yake. Kama nyumba ni ya zamani, kuna tundu la kupandia darini. Panda na tochi, piga picha kona zote nne, si ile iliyo karibu tu. Kisha mwombe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi apite, aandike ripoti fupi yenye tarehe, saini na picha. Ipeleke kwa wakala au dalali wa bima kabla ya kulipia mwaka mpya, uulize kwa maandishi: kwa nyumba hii, ada ya dhoruba ni kiasi gani, na inapungua kwa kiasi gani kwa ripoti hii? Uliza kampuni zaidi ya moja, na hakikisha zimesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Jibu likiwa hakuna punguzo, omba ripoti iwekwe kwenye faili lako hivyo hivyo, maana siku ya madai itaonyesha paa lilikuwa katika hali gani kabla ya dhoruba.

Ukibadilisha chochote juu, toa taarifa. Paneli za sola, tenki la maji, chumba kilichoongezwa nyuma kwa bati lililoungwa kwenye lile la zamani: vyote vinabadilisha namna upepo unavyolishika paa, na picha zilizopigwa kabla yake hazielezi tena nyumba uliyonayo.