Makindu: kwa nini chakula cha Kalasinga hakilipiwi

Wanafunzi tunaowapitisha kwenye maonyesho ya historia ya reli huwa na maswali mengi juu ya simba wa Tsavo. Wakifika kwenye picha ya hekalu la Wasikhi la Makindu, swali huwa moja: kweli pale mtu anakula bure? Kweli. Hapo ndipo hufuata swali la pili, la wale waliozoea kwamba kitu cha bure kina ndoana ndani yake: sasa hao Wasikhi wanapata nini?

Hekalu lenyewe, au gurudwara kama wenyewe wanavyoliita, liko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 160 kutoka Nairobi. Madereva wa malori wanalijua. Familia zinazoshuka pwani wakati wa likizo zinalijua. Unaegesha gari, unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unakaa, unaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Kuna na vyumba vya kulala wageni. Hakuna anayekuuliza kabila wala dini.

Tuanze na reli. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ikaligusa Ziwa Victoria Desemba 1901. Waingereza waliwaleta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab, na wapatao 2,500 walifia kazini. Miongoni mwao walikuwamo Wasikhi, wafuasi wa dini iliyozaliwa hukohuko Punjab: maseremala, wahunzi, waashi. Ndio watu ambao Kiswahili kiliwaita Makalasinga. Inasemekana jina hilo lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani, Kala Singh, na likaenea hadi likawa la kila mwenye kilemba na ndevu ndefu.

Makindu palikuwa kituo cha kazi. Jina lake linatokana na mikindu, ile miti ambayo ukindu wake husukiwa mikeka. Simulizi za waumini zinasema kwamba jioni, baada ya kazi, Wasikhi walikusanyika chini ya mti wakimwimbia Mungu, na wenzao Wahindu na Waislamu wakajiunga nao. Mtu asiyeijua dini hii anaweza kudhani ni hadithi iliyotiwa sukari. Lakini kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimebeba tungo za Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu, na za Kabir, mfumaji wa nguo, pamoja na zile za magwiji wa Kisikhi. Mwislamu aliyeketi pale chini ya mti huenda alisikia maneno ya sheikh aliyemjua.

Jengo lilisimama mwaka 1926, kwa juhudi za Wasikhi waliokuwa wakifanya kazi za reli. Baadaye shughuli za reli zikapungua pale, wafanyakazi wakahamishwa, na hekalu likabaki karibu peke yake. Kipindi hiki cha upweke ndicho kilichozaa masimulizi yanayopendwa zaidi. Wapo wanaosimulia kwamba usiku ilionekana nuru ndani ya jengo lisilo na mtu. Wengine husimulia juu ya mpanda farasi mwenye kilemba, aliyezunguka kiwanja kama mlinzi wa zamu, na wezi wakaogopa kukaribia. Mwanahistoria hana kipimo cha mambo hayo, nami sitajifanya ninacho. Linaloonekana kwa macho ni kwamba magari ya barabara ya Mombasa yalipoongezeka, wasafiri walianza kusimama, na mahali palipoelekea kufa pakafufuka.

Turudi kwenye swali la chakula. Jiko la hekalu huitwa langar, na desturi yake inakwenda nyuma hadi kwa Guru (yaani mwalimu mkuu) Nanak, mwasisi wa dini hii, aliyeishi Punjab kati ya 1469 na 1539. Jamii ya Kihindi ya wakati ule ilikuwa na matabaka. Wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na wa chini. Kuwakalisha wote sakafuni, mstari mmoja, chakula kimoja, ilikuwa ni kuupiga teke mfumo mzima. Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti: anayetaka kumwona aanze kwa kukaa mstarini ale na wengine. Simulizi za Kisikhi zinasema hata Akbar, mfalme wa India wa zama hizo, alikaa. Guru Granth Sahib inamtaja kwa jina Mata Khivi, mke wa guru wa pili, kwa sababu ya wali wake wa maziwa uliokolea samli. Ni mara ngapi mpishi huingizwa katika kitabu cha ibada?

Basi wanachopata ndicho hicho: kupika, kugawa na kuosha vyombo ni ibada, inaitwa seva. Gharama hutoka kwenye michango. Mafundisho yao humtaka muumini atoe sehemu ya kumi ya pato lake. Nyama haipikwi, ili asiwepo mgeni wa kuuliza nani amechinja.

Ukiingia ukumbi wa sala utaona kitabu kimewekwa juu ya jukwaa, chini ya paa la kitambaa, na nyuma yake mtu anapunga mgwisho. Sisi mgwisho tunaujua mkononi mwa mzee mwenye mamlaka, Kenyatta hakuuacha. Kwa Wasikhi, mwenye mamlaka ni kitabu. Guru wa kumi, Gobind Singh, kabla ya kufariki mwaka 1708, alitangaza kwamba baada yake hapatakuwa na guru wa mwili, ila Granth, yaani kitabu hicho. Ndiyo maana hufunguliwa alfajiri kwa heshima na kulazwa usiku, kama mtu. Katika sherehe kubwa husomwa bila kukatiza, kurasa zote 1,430, kwa muda wa saa 48 hivi, wasomaji wakipokezana.

Ukipita pale, acha sigara na pombe garini. Leso au kitambaa chochote kinatosha kufunika kichwa, kwa mwanamume na mwanamke. Ukipewa kidonge cha kitu kama haluwa, hicho ni unga, sukari na samli vilivyobarikiwa, kula. Chapati nayo hupokewa kwa kukinga mikono miwili. Na usijaze sahani kwa sababu tu hulipi: kubakiza chakula pale ni aibu, na mgawaji atapita tena.