Nani Ameshika Kioo? Vyombo vya habari na jamii inayovitazama

Soma vichwa hivi viwili vya habari. Cha kwanza: "Waandamanaji watatu wauawa mjini." Cha pili: "Polisi waua waandamanaji watatu mjini." Tukio ni lile lile na idadi ya marehemu haijabadilika. Katika kichwa cha kwanza kitenzi kimetiwa kauli ya kutendwa, na aliyetenda ametoweka.

Katika mafunzo tunayoendesha kwa umma huwa ninagawa vichwa hivi kwenye makaratasi, nusu ya darasa cha kwanza, nusu cha pili, bila kuwaambia kwamba vinatofautiana. Kisha ninawaomba waandike swali moja ambalo wangependa mwandishi alijibu. Waliopata cha kwanza mara nyingi huuliza: walikuwa wanaandamania nini, na je, walikuwa na kibali? Waliopata cha pili huuliza: nani alitoa amri ya kufyatua risasi? Hakuna aliyedanganywa, maana vichwa vyote viwili ni vya kweli. Hata hivyo nusu moja ya chumba inawahoji marehemu, na nusu nyingine inamhoji mwenye bunduki.

Ninaanza na jambo dogo kama hili kwa sababu tumezoea kusema kwamba vyombo vya habari ni kioo cha jamii, na msemo huo tunauacha upite bila kuuchunguza. Ni kweli kwamba tunajiona humo: lugha yetu, hofu zetu, michezo tunayoipenda, hata chuki zetu. Lakini kioo hakichagui nani apite mbele yake. Chumba cha habari kinachagua kila siku. Wahariri wakiketi asubuhi, orodha iliyo mezani inaweza kuwa na habari 30 na nafasi ikawa ya 8. Moja inaachwa kwa kuwa gari halikupatikana kumpeleka mwandishi, nyingine kwa kuwa haina picha, na nyingine kwa kuwa mji ulikotokea uko mbali na waliomo kwenye kikao. Ile ya msemaji wa wizara inapita, kwa kuwa taarifa yake imekuja ikiwa imeshaandikwa tayari. Sababu nyingi ni za kawaida kabisa na hazina hila. Jumla yake, mwaka hadi mwaka, ndiyo picha ya nchi tunayobaki nayo vichwani.

Nguvu hii ilichukua muda kueleweka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wengi waliamini kwamba redio na gazeti vinaweza kumwingizia mtu fikra kama dawa inavyoingizwa kwa sindano. Ushahidi uliopendwa ulikuwa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, pale Orson Welles alipotangaza kwenye redio ya CBS ya Marekani mchezo wa kuigiza kuhusu wavamizi kutoka sayari ya Mirihi, akiutungia mtindo wa taarifa ya habari. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba taifa zima liliingiwa na kiwewe. Wapo waliotishika kweli, lakini usiku uleule kampuni iliyokuwa ikipima usikilizaji ilipiga simu kwenye kaya zipatazo 5,000, na ni karibu asilimia 2 tu waliosema wanasikiliza kipindi hicho. Magazeti yalikuwa yanapoteza matangazo ya biashara kwa redio, na yalikuwa na kila sababu ya kuionyesha redio kuwa chombo cha hatari. Kwa hiyo hadithi ya jinsi chombo kimoja kilivyowahadaa watu ilikuzwa na chombo kingine, na sisi tukairithi.

Miaka miwili baadaye mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawahoji tena na tena wapiga kura 600 kuanzia Mei hadi uchaguzi wa Novemba 1940. Walitarajia kuona kampeni za magazeti na redio zikiwahamisha watu kutoka chama kimoja kwenda kingine. Waliohama walikuwa wachache mno. Wengi walitafuta habari zilizokubaliana na msimamo waliokuwa nao. Na wengi walipotaja kilichowagusa, walimtaja mtu: jirani, mfanyakazi mwenzao, ndugu mfuatiliaji wa habari ambaye kila mtu kwenye familia humsikiliza. Ujumbe ulipita kwanza kwa hao, kisha ukawafikia wengine ukiwa umeshachujwa na umetiwa maoni. Yeyote aliye kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anamjua mtu huyo.

Je, basi vyombo vya habari havina nguvu? Mwaka 1968 watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwauliza wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill, Marekani, ambao hawakuwa wameamua wampigie nani, ni mambo gani makubwa yanayoikabili nchi. Kisha wakapima mambo yaliyopewa nafasi kubwa katika magazeti na televisheni zilizowafikia watu hao. Orodha hizo mbili zilikaribia kufanana kabisa. Watu hawakuwa wameambiwa waegemee upande gani. Walikuwa wameambiwa wazungumze juu ya nini. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi unaostahili kufundishwa kabla ya mengine yote, kwa sababu kumpinga anayekupa maoni ni rahisi, lakini huwezi kulipinga jambo ambalo hujawahi kulisikia.

Ndiyo maana ninawaomba watu wapime pia kile ambacho hakipo. Tangu mwaka 1995 kuna mradi wa kimataifa unaochagua siku moja kila baada ya miaka mitano, na watu wa kujitolea katika nchi nyingi wanahesabu nani anaonekana, anasikika au anatajwa katika habari za siku hiyo. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Nusu ya binadamu, robo ya habari! Kioo cha kweli kisingeweza kufanya hivyo. Na msichana anayekua huku kila mtaalamu anayehojiwa kuhusu uchumi, dawa au sheria akiwa mwanamume anajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha.

Kuna upande mwingine ambao waandishi wa habari hupenda kuusahau, nao ni burudani. Mtu huisikiliza taarifa ya habari akiwa amejikinga, lakini tamthilia huifungulia mlango. Nchini Brazili, watafiti walilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi ya televisheni ya Globo mapema na yale yaliyochelewa. Wanawake katika maeneo yaliyofikiwa walizaa watoto wachache zaidi, na athari ilikuwa kubwa kwa maskini. Kwenye tamthilia za kituo hicho wahusika wakuu wengi wa kike hawakuwa na mtoto, au walikuwa na mmoja. Hakuna mhusika aliyesimama akahutubia kuhusu uzazi wa mpango. Watazamaji waliona tu, jioni baada ya jioni, kwamba familia ndogo inaweza kuwa na maisha ya kutamanika.

Tanzania ilifanya jambo hilo kwa makusudi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju alionyesha gharama za maisha yasiyo na tahadhari wakati wa UKIMWI. Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Kulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango na ya kondomu yaliongezeka kuliko Dodoma, na mchezo ulipofika Dodoma mabadiliko yakaanza kuonekana huko pia. Watafiti waliona kwamba kazi kubwa ilifanyika baada ya redio kuzimwa, pale mume na mke walipoanza kuzungumza kuhusu walichosikia. Ni kama Ohio tena: redio inatoa mada, na watu wanamalizana nayo wenyewe.

Uwezo uleule unaweza kubeba sumu. Nchini Rwanda, kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo mwezi Julai 1993. Wengi hudhani kilianza kwa kufoka. Kilianza kwa muziki mzuri wa kucheza na watangazaji wachangamfu wanaotania kama vijana wa mtaani, wakati redio ya taifa ilikuwa rasmi na kavu. Watu walikipenda. Kilizungumza lugha yao na kikachota chuki iliyokuwa imeshapandwa kwa miongo kadhaa, kikairudisha kwao ikiwa imekolezwa na kuhalalishwa. Neno "mende" kwa ajili ya Watutsi lilisemwa kwa kicheko kabla ya kusemwa kama amri. Kufikia Aprili 1994 kituo hicho kilikuwa kinataja majina ya watu na mahali walipo. Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wanaume watatu, wawili waanzilishi wa RTLM na mmoja mhariri wa gazeti. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalitokana na mambo mengi, jeshi, wanamgambo, serikali na vita, na redio peke yake haikuyaleta. Lakini nikifundisha somo hili siruhusu darasa liruke ile miezi ya muziki na utani. Hapo ndipo wasikilizaji walipopatikana.

Hilo linatuleta kwenye fedha. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun mjini New York akaliuza kwa senti moja, wakati magazeti mengine yaliuzwa senti sita. Senti moja haikutosha kuliendesha. Hesabu yake ilikuwa kwamba wasomaji wakiwa wengi, wafanyabiashara watalipa ili wawafikie. Tangu siku hizo msomaji ni mnunuzi, na papo hapo ni bidhaa. Michezo ya redio ya mchana iliyovuma Marekani katika miaka ya 1930 ilipewa jina la sabuni (kwa Kiingereza "soap opera") kwa kuwa kampuni za sabuni ndizo zilizoigharamia, zikiwatafuta akina mama waliokuwa nyumbani saa hizo. Saa ya kipindi, wahusika wake na mashaka yao vilipangwa kwa kumfuata mtu aliyetakiwa auziwe sabuni.

Mitandao ya kijamii imeikaza kamba hiyohiyo. Zamani mhariri alikisia kilichopendwa. Sasa anakiona kwenye skrini dakika kwa dakika, na mashine inakipima hata kabla yake. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotoka hadharani mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 alama za hisia, ile ya hasira ikiwemo, zilipewa uzito mara tano ya alama ya kawaida ya kupenda katika kuamua nini kisambae. Baadaye uzito wa hasira ulifutwa. Kabla ya kufutwa, kila aliyebonyeza uso mwekundu kulaani jambo alikuwa analisukuma liwafikie wengine. Hili linaniuma ninapokutana na watu wema kabisa waliosambaza uongo kwa nia ya kuukemea. Picha ya skrini isiyo na kiungo, pamoja na maelezo yanayotangulia kusema ukweli ni upi, haiupi uongo nguvu kiasi hicho.

Mabadiliko yanaweza kuanzia pia kwenye meza ya mhariri, na hapa mfano wangu ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1978, na katikati ya miaka ya 1980 idadi ya watu waliojiua humo ilipanda sana huku magazeti yakiandika kila tukio kwa picha, ukurasa wa mbele, na maelezo ya namna lilivyotendeka. Mwaka 1987 wataalamu wa kuzuia vifo vya kujiua waliwapelekea waandishi mwongozo: habari isiwe ukurasa wa mbele, njia iliyotumika isielezwe, sababu isirahisishwe kuwa moja, na msomaji aelezwe pa kupata msaada. Magazeti yaliufuata. Katika nusu ya pili ya mwaka huohuo matukio hayo yalishuka kwa kiasi kikubwa na hayakurudi kwenye kiwango cha awali. Hakuna sheria iliyotungwa, na hakuna mwandishi aliyenyamazishwa.

Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa aina hiyo kwa waandishi wa habari, na toleo lake jipya ni la mwaka 2023. Ukiona habari ya kujiua iliyoeleza njia hatua kwa hatua, au kichwa cha habari kilichomficha mtendaji, mwandikie mhariri. Nakili sentensi yenyewe, taja ukurasa au saa ya kipindi, kisha andika chini yake jinsi ambavyo ingeweza kusomeka. Barua inayosema "mnatuharibia jamii" huwekwa pembeni. Inayoonyesha sentensi huenda hadi kwenye kikao cha asubuhi, kwa sababu aliyeipokea anajua aanze kurekebisha wapi.